Njoo Kwanza na Taulo: kwa anayeingia mbio za boti za rimoti

Kila msimu hatukosi mgeni anayefika na boksi jipya kwapani. Analitua mezani, analifungua, na boti kweli inapendeza: rangi zinametameta, mota kubwa, betri mbili, na ubavuni mwa boksi imeandikwa kasi ambayo sidhani kama hata aliyeiunda amewahi kuiona. Swali lake la kwanza huwa, "Mashindano lini?" Langu huwa, "Umekuja na taulo?" Hana. Boti ikitoka majini bila kukaushwa ndani, beringi za mota huanza kula kutu siku hiyo hiyo. Na mtu ambaye taulo halikumjia akilini, mara nyingi hajawaza pia sponji la kuifanya boti ielee ikijaa maji, wala utepe wa kuziba kifuniko, wala nani ataifuata ikizimika katikati ya bwawa.

Kwa hiyo mimi husema hivi: siku zako mbili tatu za kwanza klabuni, boti iache nyumbani. Kama hujanunua, bora zaidi. Omba kuwa msaidizi wa mtu.

Msaidizi ndiye anayeipeleka boti majini na kuipokea. Dereva akiwa ameshika rimoti, macho yake yako kwenye boti yake peke yake, na haoni kingine. Wewe uliye pembeni yake ndiye unayeona kwamba kuna boti imekufa karibu na boya la tatu, kwamba jamaa wa nyuma anakuja kwa nje, kwamba mwamuzi ameinua bendera. Unamwambia kwa maneno mafupi: "Mfu boya la tatu, pita ndani." Ukianza kueleza hadithi, boti imeshafika. Nilifanya kazi hiyo karibu msimu mzima kabla sijashindana hata mara moja, na nilichojifunza pale gatini kilinisaidia kuliko pesa zote nilizokuja kumwaga kwenye mota.

Utajifunza pia kushika boti, jambo linaloonekana dogo hadi siku ya damu. Propela ya mbio hunolewa ukingo hadi inakuwa kama wembe. Mkono mmoja uwe chini ya tumbo la boti, mwingine ukamate nyuma ya kifuniko, vidole mbali kabisa na tezi, yaani nyuma ya boti iliko propela. Boti yenye betri iliyokwisha kuunganishwa ihesabu kama propela yake inaweza kuzunguka wakati wowote, hata kama rimoti iko mikononi mwa rafiki yako. Baadhi ya klabu hudai boti za umeme ziwe na kitanzi cha waya juu ya deki: ukikichomoa, umeme hauendi kwenye mota. Kama klabu yako haidai, weka hivyo hivyo.

Sasa, mchezo wenyewe si mmoja. Wapo wanaoshindania uongozaji tu: boti inapita kati ya maboya kwa mpangilio maalumu, lango moja inalipita kinyumenyume, mwisho inaingia kwenye gati dogo na kusimama bila kugusa kitu. Ni taratibu, na ni ngumu kuliko unavyodhani. Wapo wa umeme wa mbio fupi, ambapo unapewa dakika 6 na mshindi ni aliyezunguka mara nyingi. Wapo wa injini za mafuta za sentimita za ujazo 3.5, 7.5 au 15, ambao hukimbia hata nusu saa nzima kwenye njia yenye umbo la M na kuongeza mafuta katikati ya mbio. Madaraja ya namna hiyo, yaani makundi ya mashindano, yako chini ya NAVIGA, shirikisho la dunia la boti za mfano lililoanzishwa 1959. Huko Marekani, vyama vya NAMBA na IMPBA vina mtindo mwingine: boti chache zinazunguka duara refu mara 6, na kuanza kwenyewe ni kwa saa. Hakuna kusimama mkisubiri filimbi. Boti zote ziko majini zinazunguka, sauti inahesabu kushuka, na kazi yako ni kuvuka mstari kwa kasi mara tu baada ya sifuri. Ukivuka kabla, una adhabu.

Uchague lipi? Angalia wengi wa klabu yako wanakimbiza nini, ununue hicho. Usiniletee habari za boti uliyoiona kwenye video. Ukiwa na daraja la peke yako utakuwa unafanya matembezi, na siku shafti itakapokatika hakuna mwenye ya akiba inayoingia kwenye boti yako. Kama klabu ina madaraja mengi, mimi ningemwanzisha mgeni na boti ya umeme yenye tumbo moja la V, ya kati kwa ukubwa. Zile zenye vibuyu viwili mbele, vya kuelea, zinazoruka juu ya maji ni tamu, lakini upepo ukizinyanyua zinapinduka kama chapati, na mgeni hajui bado kupunguza mwendo kabla ya wimbi.

Kuhusu mwendo, tuhesabu kidogo. Katika mtindo ule wa duara, wa kwanza hupata pointi 400, wa pili 300, wa tatu 225, wa nne 169, wa tano 127. Asiyemaliza hana kitu. Chukua raundi nne. Mwenye boti kali anashinda mbili, ya tatu anapinduka, ya nne mota inakata: 800. Mwenye boti ya kawaida anashika nafasi ya pili zote nne: 1,200. Nimeliona hili likitokea mara nyingi kiasi kwamba mgeni akinionyesha mota yake mpya, mimi humwuliza mara ya mwisho alimaliza lini.

Na kinachozuia boti kumaliza mara nyingi ni upuuzi. Boti yangu ya kwanza ilizama kwa sababu ya waya mwembamba usiofika urefu wa kidole. Antena ya risiva, kile kipokezi cha mawimbi ya rimoti, niliilaza chini ndani ya boti, pazuri, isiyoonekana. Rimoti za siku hizi hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, na mawimbi hayo hayapenyi maji. Ilipoegemea kwenye kona, antena ikawa chini ya usawa wa maji, mawasiliano yakakatika, na risiva yangu sikuwa nimeipangia ifanye nini ikipoteza rimoti. Ikaendelea na mwendo ule ule hadi kwenye mawe ya ukingoni. Tangu hapo antena yangu husimama wima ndani ya mrija wa plastiki juu ya deki, na kila asubuhi ya mbio naiweka boti kwenye kibao chake, propela ikiwa hewani, nazungusha mota polepole, halafu nazima rimoti. Mota isiposimama papo hapo, boti haiendi majini. Ni jaribio la sekunde tano.

Wazee wa mchezo huu wanakumbuka mambo magumu zaidi. Enzi za rimoti za kristali, za 27 na 40 MHz, mlikuwa na ubao wenye vibanio, kila kibanio masafa yake. Hujachukua kibanio, huwashi rimoti, kwa sababu ukiwasha masafa ya mwenzako, boti yake inarukwa na akili. Hilo limepita. Iliyobaki ni ile kanuni ya mpangilio: rimoti inawashwa kwanza na kuzimwa mwisho. Ukigeuza, siku moja utaifukuza boti yako mezani.

Betri za lipo, yaani za lithiamu polima, zinahitaji adabu. Seli moja ikijaa ni volti 4.2. Mimi siishushi chini ya 3.3 kwenye mbio, na kama sitaitumia wiki hiyo naiacha kwenye 3.8. Chaji ukiwa macho, ukiwa hapo hapo, juu ya kitu kisichoshika moto. Iliyovimba usiirudishe kwenye boti kwa kuionea huruma bei yake.

Halafu propela. Hapa ndipo wageni wanapochoma vitu, na mimi nilichoma. Nilikuwa na ya kipenyo cha milimita 40, mtu akaniazima ya 44, nikasema milimita nne ni nini. Nguvu ambayo propela inadai kwa mizunguko ile ile hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa mara tano kwa chenyewe. Kutoka 40 kwenda 44 ni ongezeko la asilimia 10 kwa macho, lakini mota inaombwa nguvu zaidi kwa takribani asilimia 60. Dakika ya pili kidhibiti mwendo kikatoa moshi mweupe kupitia tundu la kebo, polepole, kama mtu anayevuta sigara ndani ya boti. Sasa nikibadilisha propela naendesha dakika moja na nusu tu, narudisha, nafungua kifuniko, nagusa mota, kidhibiti na betri. Mahali ambapo kidole hakiwezi kukaa sekunde tano ni moto mno. Angalia pia kama maji ya kupoza yanatoka kwa mkondo kwenye tundu lake ubavuni. Yakidondoka matone tu, kuna jani au mchanga kwenye mrija.

Kuendesha hakufundishiki kwa maandishi, ila jambo moja naweza kukupunguzia. Boti ikikuondokea, kulia ni kulia. Ikikujia, ukigeuza usukani kulia inakwenda kushoto kwa macho yako, na hapo ndipo kila mgeni anakata kona kuelekea kwa jirani. Usijaribu kulitatua kwa kufikiri, mbio hazikupi muda huo. Funga chupa mbili tupu kwa kamba na jiwe, zitie majini umbali wa kama mita 30, na uzunguke herufi nane kwa nusu ya mwendo mpaka mkono ujue wenyewe. Maliza chaji kumi za betri hivyo. Kisha chagua mstari wako na uung'ang'anie: anayekupita ndiye mwenye jukumu la kupita salama, lakini hawezi kama wewe unayumba kama mlevi. Mwanzoni kaa njia ya nje. Ni ndefu kidogo, ila pale kwenye boya la kwanza, ambapo boti zote zinafika kwa pamoja na maji yamekuwa povu tupu la kuficha kila kitu, utashukuru.

Boti ikizimika, iache. Narudia kwa sababu kila mwaka kuna anayeanza kuvua viatu. Kuna mtumbwi wa kuokolea, kuna mtu aliyevaa jaketi la kuelea, na kuna utaratibu. Ukiwa umejaza sponji la kutosha omoni, yaani mbele, na ubavuni, boti itakungoja hata saa nzima ikiwa imelala kichwa chini. Mtumbwi ukiwa majini hakuna boti inayokimbia, hata ya majaribio, hata kidogo tu.

Ada, bima na kiwango cha kelele kinachoruhusiwa, muulize katibu siku ya kwanza ulipe yaishe. Klabu inaweza kupoteza bwawa kwa sababu ya kelele za asubuhi na mafuta yaliyomwagika, kwa hiyo wakikukemea kuhusu hayo usinune.

Mashindano yangu ya kwanza tulianza boti sita. Nilikuwa wa mwisho kuvuka mstari wa kuanzia, nimechelewa sekunde tatu nzima kwa woga wa ile saa. Kwenye boya la kwanza mbili zikagongana na kubaki hapo. Msaidizi wangu akasema, "Mfu wawili, nje, nje," nikapita nje. Mzunguko wa nne mikono ilikuwa inatetemeka hivi kwamba nilikuwa nausikia usukani wa rimoti ukigongagonga. Nilimaliza wa mwisho kati ya waliobaki, wa nne, pointi 169. Nilipobandua utepe na kufungua kifuniko, ndani mlikuwa na maji ya kijiko kimoja, labda viwili. Nikachukua taulo.