Kukimbia taratibu au kwa kasi? Kwa anayejiandaa na triathloni ndefu

Mkuu, umeuliza kama unayejiandaa na triathloni ya nusu (kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1) ukimbie taratibu tu au uweke na kasi, maana mwenzako anashikilia kwamba bila kuhema hakuna mazoezi. Mimi nafanyia mazoezi hapa Tanga. Kasi inahitajika, ila usiihesabu kwenye mbio peke yake.

Mtu atasema anakimbia kwa kasi mara mbili tu kwa wiki, kumbe Jumanne alikaza baiskeli barabara ya Muheza huku upepo unampiga usoni, Alhamisi akaogelea Ras Kazone vipande vifupi vya nguvu mpaka mabega yakagoma. Michezo ni mitatu, mwili ni ule ule. Wiki yangu ina siku ngumu mbili, zikizidi sana tatu, nikijumlisha yote, na ya kukimbia ni moja. Mbio ndizo zinazoumiza zaidi: kila hatua mguu unapokea mzigo mara mbili hadi tatu ya uzito wako, wakati kwenye baiskeli siti imekubeba na majini unaelea. Ukiwa na hamu ya kuhema, hemea kwenye baiskeli.

Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya utafiti Norwei, alipoangalia mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa masafa marefu alikuta karibu asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi. Vyepesi kweli, si vya katikati. Mwendo wa katikati ndio unaotumaliza: unakuchosha usiweze kukaza siku ya kukaza, na wenyewe haukupi kasi.

Sasa taratibu ni ipi? Kwa joto na unyevu wa huku pwani kuangalia mwendo kwenye saa ya mkononi hakutoshi, kwa sababu damu nyingi inakimbilia kwenye ngozi kupoza mwili, na moyo unapiga haraka kwa mwendo ule ule wa jana. Mimi natumia salamu. Alfajiri nikipishana na wazee wanaotoka msikitini natoa shikamoo, naulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi, nami najibu zote huku nakimbia. Jibu likikatika kati, napunguza mwendo hapo hapo, hata kama saa inaniambia natambaa.

Siku ya kasi napasha mwili dakika kama 20, kisha dakika 8 mara tatu kwa mwendo wa kutamka maneno mawili matatu tu, katikati dakika 2 za polepole. Inatosha. Mwisho wa mbio nyepesi ongeza vipande vinne vya sekunde 20 vya kuchangamsha miguu, bila kujikamua.

Wiki za mwisho kuna kitu ningekitanguliza kuliko kasi yoyote: ukishuka kwenye baiskeli ndefu, vaa viatu ukimbie dakika 20 au 30 kwa mwendo wa mashindano. Zile kilomita 21 utazikimbia na mapaja yaliyokwisha choka, na hilo mbio za kasi za miguu mibichi hazikufundishi.

Ukiamka ugoko unauma, cha kwanza kuacha ni kipindi cha kasi. Kihamishie kwenye baiskeli. Tuambie zimebaki wiki ngapi na kama umewahi kuumia goti au kano ya kisigino, tukupangie vizuri.