Maswali ya Wasomaji: Mtoto wa mbwa ale nini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nimeletewa mtoto wa mbwa wa wiki saba, ana kilo tatu. Asubuhi tunampa uji wa dona na maziwa ya ng'ombe, jioni ugali na mchuzi uliobaki. Tumbo limejaa kama ngoma, mbavu zinahesabika, na anaharisha. Jirani anasema nimpe nyama tupu. Nifanyeje?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba. Tuanze na hilo tumbo. Kwa umri huo mara nyingi ni minyoo, tena huwa ameipata kwa mama yake kabla hajazaliwa. Nunua dawa ya minyoo ya watoto wa mbwa, apewe kwa uzito wake, urudie kila wiki mbili mpaka afikishe miezi mitatu, halafu kila mwezi hadi miezi sita. Bila hivyo utakuwa unalisha minyoo. Akiharisha damu, akitapika au akigoma kula, achana na habari za chakula, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo: huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa.

Maziwa ya ng'ombe yasimamishe. Watoto wengi wa mbwa hawawezi kusaga sukari iliyomo, ndiyo maana wanaharisha. Mchuzi nao usimpe, kwa sababu ya vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, hata vikipikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Jirani yako amepata nusu. Nyama inajenga mwili, lakini ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Akila nyama tupu, mwili unaichota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe: anapata matege, anachechemea, na mfupa unaweza kuvunjika kwa kuruka ngazi tu. Hapo ndipo usipa wa Kyela, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, unapokusaidia, kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake.

Kwa mbwa wa kilo tatu, chakula cha siku nzima kiwe takribani hivi: nyama ya kusaga au moyo wa ng'ombe gramu 100, usipa mkavu gramu 30, ugali laini gramu 150, kijiko cha chai kimoja cha mafuta ya kupikia, na boga lililopondwa vijiko viwili. Usipa uchague usiotiwa chumvi, uloweke dakika 20, uoshe mpaka mchanga uishe, ndipo uchemshe. Ongeza robo kijiko cha chai cha unga wa ganda la yai. Ganda lichemshwe, likauke, lisagwe liwe laini kama sembe. Mapafu na maini ya bucha yasiliwe mabichi, huweza kuwa na vifuko vya tegu; chemsha nusu saa. Ini liwe kipande kidogo mara mbili kwa wiki, likizidi vitamini A inamdhuru.

Hata hivyo, chakula cha nyumbani hukosa zinki, madini joto na vitamini kadhaa. Muulize daktari wa mifugo unga wa vitamini na madini wa mbwa, tena ufuate kipimo chake.

Gawanya milo minne mpaka afikishe miezi minne, mitatu hadi miezi sita, kisha miwili. Mpime kila wiki: panda mzani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Uzito ukipanda, chakula nacho kiongezwe. Mbavu uzisikie kwa vidole bila kuzitafuta, ila zisionekane. Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikikaza, chakula kiwe cha uvuguvugu.

Jambo moja linaniudhi: mahindi yaliyoota ukungu kutengwa eti "ya mbwa". Sumukuvu inaua ini la mbwa, na kuchemsha hakuiondoi. Machicha ya komoni, ile pombe ya kienyeji, pia mwachie nguruwe.

SWALI: Nina German Shepherd wa miezi mitatu. Nanunua chakula kikavu cha kupimiwa kwa kilo. Nimwongezee kalsiamu?
Msomaji, Iringa mjini

JIBU: Hapana. Chakula kamili cha watoto wa mbwa kina kalsiamu ya kutosha, na mbwa wa mbegu kubwa akiwa mdogo hawezi kuizuia inayozidi; mifupa na viungo huharibika. Shida yako ni hiyo ya kupimiwa. Gunia likikaa wazi mafuta yanachacha, na bila lebo hujui kama ni cha mbwa wakubwa. Tafuta mfuko uliofungwa, wenye tarehe ya mwisho, ulioandikwa kuwa ni wa watoto wa mbwa wa mbegu kubwa, protini isipungue asilimia 22. Ukibadilisha, changanya kwa siku saba: robo kipya, nusu, robo tatu, kisha chote.

SWALI: Mbwa wetu mdogo anaokota maparachichi shambani. Yana madhara?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Kinachotisha zaidi ni mbegu: inaziba utumbo. Nyama yake ina mafuta mengi, itamharisha. Okoteni yaliyoanguka kabla hajafunguliwa asubuhi. Akiwa ameshameza mbegu na anatapika, hata maji hayakai, hiyo ni kazi ya upasuaji, msisubiri kesho.