Pafyumu ya ndimu inakata mapema, nimepigwa feki?

SWALI: Shikamoo anti. Nipo Tanga, Ngamiani, nauza duka la simu. Zamani nilikuwa mtu wa udi ile mbaya, bosi akasema nipunguze, maana wateja wanapiga chafya, nikahamia pafyumu ya ndimu na majani majani, naipenda kweli haina makelele, sasa nikijipulizia saa moja asubuhi ikifika saa nne sisikii kitu. Nimepigwa feki au?

JIBU: Marahaba mwanangu. Feki zipo tele ila kukata mapema peke yake siyo ushahidi, harufu za jamii ya ndimu ndo zilivyo, mafuta yake mepesi yanaruka upesi na kwa joto letu hili la Tanga ndo kabisaa. Hata yale maji ya Cologne ya Farina, Mtaliano aliyeyaanzisha huko Ujerumani mwaka 1709, yalikuwa ya malimau, machungwa na bergamoti (tunda la jamii hiyo hiyo ya ndimu), na manukato ya aina hiyo mpaka leo mafuta yake ni asilimia 2 mpaka 5 hivi, sasa yatashindaje kutwa?

Halafu muulize mwenzio hapo dukani kama anaisikia, maana pua yako inazoea wakati wengine bado wanainusa, na hapo ndo vijana wengi mnaharibu, mnajimwagia upya mpaka inakuwa yale yale ya udi.

Fanya hivi, ukitoka kuoga paka mafuta yasiyo na harufu kwanza, ngozi kavu inaimaliza haraka, kisha pulizia kifuani ndani ya shati mara mbili tu (shati jeupe usiligonge moja kwa moja, linashika doa). Shingoni acha kama unatembea juani, bergamoti nyingine ikipigwa jua inaacha weusi. Chupa usiiweke dirishani. Mchana rudia kidogo, basi.

Ukitaka ya kukaa tafuta yenye harufu ya mti au mizizi chini yake, yaani ile inayobaki mwisho. Eau Sauvage ya Dior, ya tangu 1966, juu, unayoinusa mwanzo, ni limau na rozimari ila chini kuna vetiva, mizizi ya nyasi yenye harufu, inaishikilia, bei yake sasa, mmh, tuiache. Na siku ya kununua usilipe palepale, jipulizie mkononi zunguka zako barabara mbili tatu hapo Ngamiani kama nusu saa ndo unuse tena, hiyo iliyobaki ndo utakayoshinda nayo kaunta.