Friza yangu imechomolewa, namjua aliyechomoa

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tumepanga Tabata, chumba na sebule. Nyumba ina wapangaji wanne na LUKU ni moja. Kila mwezi kila mlango unatoa 10,000 na tunapokezana zamu ya kununua. Mwaka huu nilipopokea mchezo nikanunua friza ndogo, nimeiweka koridoni maana ndani hapatoshi. Nagandisha barafu za ubuyu na za maembe, nauza 200 moja, na hiyo ndiyo hela ya madaftari na nauli ya mwanangu. Tangu siku hiyo maneno hayaishi. Umeme ukiisha, ni friza yangu. Kijana wa chumba cha uani, kapera, anasema ana taa, feni na simu tu, hawezi kutoa sawa na mimi. Mwezi uliopita zamu ilikuwa yake. Akaanza kwa kununua wa 10,000, zikaingia uniti 23 wakati siku zote tunapata 28. Tukamuuliza nyingine zimekwenda wapi, akanuna. Wiki iliyofuata nimerudi kliniki na mtoto nakuta friza imechomolewa, waya umezungushwa vizuri na kuwekwa juu ya mfuniko. Barafu zote maji, na vibua vya mama mkwe vimeharibika. Najua ni yeye. Mpaka leo sijamsalimia. Mume wangu anataka tuhame, ila kodi tumelipa hadi mwisho wa mwaka. Dukani waliniambia friza hii inakula umeme wa taa tatu tu. Mama, nimkabili au nihame?

Mpangaji, Tabata

Marahaba mwanangu. Pole kwa barafu, na pole zaidi kwa vibua, maana samaki wa mama mkwe wakiharibika mikononi mwako, maelezo yake hayaishi leo wala kesho. Kuchomoa friza ya mwenzako yenye chakula ndani ni ubaya, na aliyefanya hivyo ana deni kwako. Nalisema hili mapema, ili nitakayosema baadaye usiyachukulie kama namtetea mtu.

Naanza na zile uniti 23, kwa sababu naona hapo mmemkosea kijana wa watu.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida isiyo ghorofa ilianza kukatwa 1,000 kwa mwezi, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Sasa chukua karatasi tupige hesabu. Mnapopata uniti 28 kwa 10,000, kila uniti moja pamoja na kodi na tozo zake inawagharimu kama shilingi 356. Toa 1,500 kwenye 10,000, inabaki 8,500. Gawanya kwa 356. Utapata uniti 23 na nukta kadhaa. Ndizo hizo hizo alizowaletea. Hakuna shilingi iliyoingia mfukoni mwake. Kosa lake ni kwamba zamu yake iliangukia mwanzo wa mwezi. Ile meseji yenye tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita huwa inaonyesha pia makato, ila wengi wetu tukishanakili tarakimu hatusomi kinachofuata. Kama hajaifuta, ipo kwenye simu yake.

Fikiria ilivyokuwa kwake, anasimamishwa koridoni na watu wazima wanamuuliza zilizobaki zimekwenda wapi, naye hajui, kwa sababu na yeye haijui hiyo hesabu. Angejibu nini? Akanuna. Ungenuna na wewe.

Tena kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Utaratibu ulipoanzishwa, Serikali yenyewe ilieleza kuwa mpangaji akikatwa anamdai mwenye nyumba wake. 1,500 kwa miezi 12 ni 18,000. Iandikeni kila mwezi na muihifadhi meseji, siku ya kulipa kodi ya nyumba mkae naye muipunguze. Mwambieni kwa adabu, wote wanne mkiwa pamoja.

Sasa tuje kwenye friza, na hapa nitakwambia lisilokufurahisha. Aliyekwambia inakula umeme wa taa tatu alitaka kuuza friza. Taa hizi za siku hizi, za LED, ni wati 9 hivi. Tatu ni wati 27. Friza ndogo mota yake ikishika inavuta wati 100, nyingine zaidi. Geuza yako utazame kibandiko cha nyuma, wati zimeandikwa pale. Ukikuta na namba yenye kWh, hizo ndizo uniti. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa moja.

Ni kweli friza haivuti mfululizo, ikishaganda inapumzika. Ila friza ya biashara ya barafu inapumzika lini? Kila siku unaingiza vifuko vya maji ya uvuguvugu yaliyotoka kuchemshwa na ubuyu. Kila mtoto wa mtaa akija na mia mbili yake, mfuniko unafunguliwa, anauliza ya ubuyu ipo, anabadili mawazo, anataka ya embe, mkono unapekua chini, na joto la Dar es Salaam linaingia ndani muda wote huo. Kwa kazi hiyo, kufikia uniti moja na nusu kwa siku si ajabu. Mwezi mzima ni uniti 45, zaidi ya shilingi 16,000. Wewe unatoa 10,000 kwa kila kitu, friza, televisheni, taa na feni za vyumba vyote viwili. Mwanangu, katika kila barafu unayouza 200 kuna sarafu ya jirani ndani yake. Hukukusudia, na uliambiwa uongo dukani, lakini ndivyo ilivyo.

Nilipanga Magomeni miaka sita, milango mitano, LUKU moja. Nilikuwa nashona, na pasi ilikaa kwenye umeme toka asubuhi. Jirani yangu mmoja akasema nimzidishie 2,000 ya mchango. Nikaona ananionea wivu kwa sababu nina wateja. Tulinyamaziana miezi minne, tukipishana mlangoni kama hatuonani. Usiku mmoja mwanangu akapandwa na homa mpaka akashtuka, mume wangu hayupo, na mwenye bajaji pale nyumbani ni mume wa yule yule niliyeacha kumsalimia. Nilisimama mbele ya mlango wake na mtoto mkononi nikitafuta sauti. Alifungua kabla sijabisha, alikuwa amesikia mtoto analia. Hajawahi kunitajia ile 2,000 tena, na mimi nilikuja kuilipa baada ya muda mrefu kuliko inavyostahili.

Kwa hiyo usiniamini mimi na uniti 45 zangu, pima. Jumamosi moja, waombe wenzako wazime kila kitu kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, wakati watu wako kwenye usafi na kufua. Friza ibaki peke yake, nawe uipakie maji ya barafu kama siku yoyote. Andika uniti zilizopo kwenye mita, pamoja na zile tarakimu za baada ya nukta, na mtu mwingine awepo ashuhudie. Saa 7 andika tena. Kilichopungua kizidishe kwa 6, hapo umepata siku nzima. Friza inahangaika zaidi maji yakiwa bado ya moto, hivyo jibu litakuwa juu kidogo ya ukweli. Likubali hivyo hivyo. Kama ni kukosea, kosea kwa kujizidishia wewe, watu watakuamini kwa mengine yote.

Ukishapima chako, mdomo wako utakuwa na haki ya kuuliza na vya wengine. Huyo kijana wa taa na feni, taa yake ni kweli si kitu, lakini feni ya wati 50 ikilala naye saa 8 kila usiku inamaliza uniti 12 kwa mwezi. Kama kuna anayepiga pasi sare za watoto kila siku, pasi nyingi zinavuta wati 1,000 au zaidi. Jagi la kuchemshia maji linavuta kama wati 2,000, ingawa kwa dakika chache. Hakuna mlango usiokula. Kinachotakiwa ni kila mmoja ajue anakula kiasi gani. Wekeni daftari dogo pale kwenye mita, na kalamu iliyofungwa kwa uzi isipotee. Liandikwe nani kanunua, tarehe, shilingi, uniti zilizoingia, na kama kodi ya majengo imeshakatwa mwezi huo. Wewe utoe mchango wako wa kawaida kama wenzako, halafu umeme wa friza uutoe pembeni kwa ile hesabu ya Jumamosi. Kama barafu haiwezi kubeba gharama yake yenyewe, ni bora ulijue sasa kuliko kuendelea kugandisha kwa hasara ya watu wanne.

Naamini itabeba, ila isaidie kidogo. Bana noti kwenye mfuniko, ufunge, halafu uvute taratibu. Ikitoka bila kukwama, mpira umechoka na baridi inavuja usiku kucha, tafuta fundi wa friji aubadilishe. Isogeze mbali na ukuta ili ipumue, na ufute vumbi nyuma. Ukuta wa ndani ukishika ganda nene la barafu, zima uyeyushe, usichokoe kwa kisu hata siku moja, utatoboa bomba la gesi na hiyo friza itabaki kabati. Acha maji ya ubuyu yapoe kabisa kwenye ndoo kabla ya kuyafunga. Na ubuyu upange upande wake, embe upande wake, mtoto apate anachotaka bila kupekua.

Dawa ya kudumu ni kila mlango kuwa na mita yake ndogo ya kuhesabia ndani, au mwenye nyumba aombe TANESCO mita nyingine. Mita ndogo zinauzwa Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Lakini hilo halifanyiki bila ruhusa ya mwenye nyumba na fundi mwenye leseni ya EWURA. Usikubali fundi wa mtaani aje kukata nyaya za nyumba ya watu kwa sababu bei yake ni ndogo. Hata uamuzi wa kuhama usiuharakishe. Umeshalipa hadi mwisho wa mwaka, na huko mnakokwenda mtadaiwa kodi ya miezi mitatu au sita mbele pamoja na mwezi wa dalali. Halafu mtakuta LUKU moja na milango sita.

Nimeliacha la aliyechomoa hadi sasa kwa makusudi. Umeandika "najua ni yeye". Unajuaje? Hukumwona. Ushahidi wako ni kwamba yeye ndiye analalamika zaidi, kama vile ushahidi wenu wa wizi ulivyokuwa uniti 23. Mimi nimekwama kwenye ule waya uliozungushwa vizuri na kuwekwa juu ya mfuniko. Mtu mwenye hasira huchomoa akaacha waya chini. Inawezekana ni yeye. Inawezekana mwingine alitaka soketi ya koridoni apige pasi, akasahau kurudisha. Inawezekana hata mtu alikuwa anadeki akaogopa waya usilowe. Uliza wote kwa pamoja, sauti ya kawaida, bila kumtazama mmoja, na useme hasara ilikuwa kiasi gani. Akijitokeza mtu, mpokee. Asipojitokeza, isamehe, lakini soketi hiyo mkubaliane ni ya friza, uandike karatasi uibandike.

Kabla ya kikao cha aina yoyote, mfuate kijana peke yake, leo akirudi kazini, akishapumzika. Usimtajie friza. Mwambie, "Kaka, zile uniti 23 nimezipigia hesabu. Zilikuwa sahihi, ilikatwa kodi ya majengo. Tulikusingizia, naomba radhi." Halafu kesho mbele ya wenzako urudie maneno hayo hayo, kwa sababu na wao walikuwepo siku ile koridoni.