Usiache kazi dada, tafuta wenzako

Waalaykum salaam dada yangu. Umeuliza kama uache kazi ya benki ili moyo utulie, maana unaswali mbiombio na bado unahisi pengo. Mimi naona usiache. Bibi Khadija (r.a.), mke wa Mtume, alikuwa mfanyabiashara mkubwa Makka, na nani anaitilia shaka imani yake?

Unachokosa, nadhani, ni wenzako. Huku kwetu Bagamoyo tuna darsa la akina mama baada ya alasiri. Mmoja huja moja kwa moja kutoka mnadani, ndoo ya samaki anaiacha barazani, anajitanda kanga safi, anakaa mkekani. Mwingine ni mwalimu wa sekondari. Hapo mtu husema la moyoni: mume, deni, mtoto aliyekataa shule, na wenzie humwombea dua kwa jina lake. Mji huu ndio wa Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani akiwa mtumwa akaja kuwa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Kisufi ya Qadiriya. Hatuulizani nani katoka wapi.

Ila kama huzuni inakunyima hata usingizi, nenda na hospitali pia. Huo si upungufu wa imani, na anayekwambia hivyo anakuonea. Uko mtaa gani hapo Tanga? Nina mashoga huko, nitakuulizia darsa la karibu nawe.