Kabla hujanunua LED za mbele, fungua taa za nyuma

Kijana mmoja wa Wete kaniandikia juzi: "Kaka, Celica yangu ya miaka ya tisini usiku haioni mbele. Nimepata LED, pakiti imeandikwa lumeni 20,000. Nichukue?"

Usichukue, mdogo wangu. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga. Glopu ya kawaida ya taa ya mbele, H4, ile ya wati 60 na 55, hutoa lumeni kama 1,650 kwenye fulu (mwanga wa mbali) na kama 1,000 kwenye dimu (mwanga wa chini). LED nzuri hutoa lumeni mia moja na kitu kwa kila wati. Sasa piga hesabu: lumeni 20,000 zinataka umeme kiasi gani, na joto lake litapozwa na kile kifeni kidogo mgongoni mwa glopu? Hata ukizigawa kwa taa mbili hesabu haiji. Aliyeandika namba ile alitaka pesa yako tu. Za mbele nitazirudia; nianze na za nyuma, ndizo zilizonifunza.

Nina Eunos Roadster, ile Mazda ya viti viwili iliyoanza kutoka 1989, ya taa zinazoinuka ukiwasha na kulala ukizima. Naipenda gari hii na sioni haya kusema. Nimeambiwa mengi juu yake: haifai kwa barabara zetu, iko chini mno, usiku haionekani. Hilo la usiku lilikuwa kweli. Nilikuwa natoka Paje, nikashika breki kwenye matuta ya Jozani pale miti inapofunika barabara, na Kenta iliyopakia mchanga ikasimama ikikaribia kugusa buti langu. Dereva, mtu mzima, akashuka. Hakunifokea. Akasema, "Mwanangu, nimekuona umesimama. Sikukuona ukishika breki."

Maneno yale yalinikaa kichwani usiku kucha.

Kesho yake nikafungua taa za nyuma nikitarajia glopu zilizoungua. Zote zilikuwa nzima. Soketi ndizo zilizokuwa taabani: shaba imeota kijani kwa chumvi ya pwani, na skrubu ya athi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi, pale inapokamata bodi imejaa unga mweupe. Nikaweka mita ya umeme. Betri ilisoma volti 12 na nusu, kwenye glopu zikafika 10 na kidogo. Na glopu ya uzi ikikosa volti mbili hupoteza karibu nusu ya mwanga wake. Nikasugua kwa msasa mpaka chuma king'are, nikatia skrubu mpya na grisi kidogo, na breki ikawaka kama gari jipya, LED sijaigusa hata moja. Watu wa Unguja na Pemba tunaishi na chumvi, athi ndiyo ya kwanza kutazamwa. Ukitia LED juu ya soketi iliyooza itawaka vizuri wiki chache, halafu itaanza kupepesa nawe utailaumu LED.

Ndipo nikabadilisha glopu za nyuma kutia LED. Glopu ya breki ni ile ya nyuzi mbili, wati 21 na 5, na indiketa ni ya uzi mmoja, wati 21. Nyuma ya kioo chekundu tia LED nyekundu, nyuma ya kioo cha chungwa tia ya chungwa. Usitie nyeupe kote ukidhani kioo kitaipaka rangi. Kioo chekundu huzuia sehemu kubwa ya mwanga mweupe, unabaki na taa hafifu. Chagua yenye chipu pembeni pia, ili mwanga upige kwenye kioo cha ndani, usiende nyuma tu. Na kabla hujalipa, iwashe dukani kwa hali zote mbili. Za bei ya chini taa ya kawaida na ya breki zinalingana, na hapo umemdanganya aliye nyuma yako. Faida yake ni kubwa: LED huwaka papo hapo, wakati uzi huchelewa kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hizo ni zaidi ya mita 3 kwa aliye nyuma.

Indiketa ndiyo iliyoniumiza. LED inakula umeme kidogo, flasha ya zamani, kile kidude kinachoipepesa indiketa, inadhani glopu imeungua, inapiga mbio. Fundi mmoja wa mjini akasema dawa ni rezista ya omu 6, kipande cha kula umeme ili flasha idhani glopu ya zamani ipo. Rezista hiyo inageuza wati 24 na zaidi kuwa joto, nayo hutakiwa ifungwe kwenye chuma cha bodi. Yeye akaifunga kwa kamba ya plastiki kwenye ganda la taa. Nikawasha hazadi nikimsubiri mtu Mwanakwerekwe, nikasikia harufu. Ganda la asili, lililotoka Japani na gari, limetoboka. Nilipomrudia akanijibu gari lenyewe kuukuu, nalia nini. Sijalisahau jibu lile. Dawa safi ni flasha ya kielektroniki ya LED: unachomoa ya zamani, unachomeka mpya. Tazama tu idadi ya pini na mpangilio wake, maana havifanani kwa kila gari.

Za mbele sasa. Ndani ya H4 mna kikombe kidogo cha chuma chini ya uzi wa dimu, nacho ndicho kinachokata mwanga usipande juu. Kioo cha taa kimechongwa kwa uzi uliokaa mahali pale pale. LED ikikaa pembeni hata kidogo, mwanga unatawanyika: wewe unaona weupe karibu na bampa, anayekuja haoni kitu. Uingereza gari la taa za halojeni, yaani za glopu ya uzi kama H4, lililoanza kutumika Aprili 1986 au baadaye, likitiwa glopu za LED mbele huangushwa kwenye ukaguzi wa mwaka.

Mimi nilitia taa nzima ya LED. Taa ya Roadster ni ya mviringo, inchi 7, kipimo kile kile cha Land Rover za zamani, kwa hiyo zinapatikana. Lakini nyingi zimetengenezwa kwa nchi zinazopita kulia. Sisi tunapita kushoto. Kwenye zenye alama ya Ulaya tafuta mshale kwenye kioo: ukisimama mbele ya taa, uelekee kulia kwako, au uwe na ncha mbili. Hakuna mshale, iache.

Wenye magari ya spoti wenzangu, tuache kuringia mwanga. Barabara ya Bububu usiku ina mzee wa baskeli isiyo na taa na gari la ng'ombe linalorudi shamba. Ukimpofusha dereva anayekuja, hao ndio atakaowagonga. Simamisha gari sakafu iliyo sawa, mita 10 kutoka ukutani, upepo wa tairi kamili na mtu kakaa kiti cha dereva. Mstari wa juu wa dimu uwe sentimita 10 chini ya usawa wa taa yenyewe. Na ukibadilisha springi ukaishusha gari, pima upya siku hiyo hiyo, khasa ukishusha nyuma zaidi kuliko mbele.