Ni Vita ya Kwanza, siyo ya Pili

Hapana kaka, umesema filamu ya Wonder Woman ya 2017 ni ya Vita ya Pili na kwamba ile Paris ya mwanzoni imechomekwa tu, lakini imewekwa kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1918. Angalia tu yale mahandaki anapopanda Diana, yaani Wonder Woman mwenyewe, na ngao yake, risasi zinamiminika, na tishio la hadithi nzima ni gesi ya sumu. Najua Vita ya Pili umeitoa wapi: kwenye vitabu vya katuni alitokea 1941, akapambana na Wanazi. Waliotengeneza filamu ndio waliorudisha nyuma.

Na ile Paris ya mwanzoni haijachomekwa tu. Picha ya zamani ya Diana na wenzake wa vitani, anayoishika pale, ndiyo mlango wa hadithi, kila kinachofuata ni kumbukumbu yake, na picha yenyewe tunaiona ikipigwa katikati ya filamu, kwenye kijiji cha Ubelgiji walichokikomboa. Mimi mara ya kwanza niliiona kwenye banda la video hapa Chang'ombe, Dodoma, mtafsiri akaongea juu ya kipande chote cha mwanzo. Nilipoirudia nyumbani nikasimamisha pale kwenye picha, nikahesabu nyuso zao mmoja mmoja. Iliniuma, maana nusu yao tayari nawapenda.

Ila hadithi ya Diana kufinyangwa kwa udongo, anayosimuliwa na mama yake wakati wa kulala, usiishike kama ukweli wa filamu. Mwishoni inafichuliwa kuwa baba yake ni Zeus, mfalme wa miungu ya Wagiriki, jambo lililoingia kwenye katuni 2011.